Siku Niliyomwita Bi Morag "Wee"

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana rafiki yangu Hodhan akiwasimulia ataongeza chumvi: nilisimama mbele za watu nikamtusi mwandishi mzee wa Kiskoti, nao wakanipigia makofi.

Bi Morag ndiye mzee ninayelipwa kumhudumia nyumbani kwake, mtaani Edgbaston, huku ughaibuni. Ujanani alifungasha samaki kiwandani kwao Uskoti, riwaya ya kwanza akaiandika kwenye zile karatasi za kufungia (ndiyo iliyompa jina), akaolewa huku, akaandika nyingine nyingi, kisha kiharusi kikamzuia kuandika miaka mitatu. Nilimlisha, nikamsuka nywele zake nyeupe, nikampenda kabisa. Ila kila asubuhi nikiingia ananiita, "Wee Rehema." Mimi, mama wa watoto wanne, naitwa wee kama mbuzi aliyeingia shambani. Nikawa nameza tu, lakini iliniuma, sikujua kama kwake mimi ni mtu.

Basi siku ya yeye kuwasomea watu riwaya yake mpya, nikiwa najifunga kitenge, nikaamua: akiniita hivyo mbele za watu, leo namrudishia.

Ukumbi wa maktaba ulijaa. Akasoma ukurasa mmoja, sauti ikitetemeka, akafunga kitabu, akauliza kwenye maikrofoni yuko wapi wee Rehema wake. Nikainuka, mikono kiunoni, nikajibu kwa sauti ya kufukuza kuku, "I'm here, wee Morag."

Watu wakaguna kwa huruma, makofi yakaanza, na Bi Morag akafunika uso akalia. Hodhan, anayekaa mtaa wa Small Heath na ndiye aliyenisindikiza, akanivuta kitenge.

"Keti, Rehema. Wee kwao ni kadogo. Anakuita kadogo kake, wallahi."

Nikaketi.

Baadaye, nikimpangusa machozi, akaniambia tangu mama yake afariki hakuna aliyemwita hivyo. Ningeweza kunyamaza. Nikamweleza yote, kwamba kwetu neno hilo hutumika kumwita mtu usiyemheshimu. Hakucheka.

"Kumbe miezi yote hii nimekutukana," akasema, "na bado ulikuwa unanisuka nywele?"

Nimeapa sitabeba tena neno la mtu moyoni kabla ya kumuuliza maana yake. Kesho yake nilipofungua mlango alisema "Rehema" tupu, kwa uangalifu. Nikabaki nimesimama hapo mlangoni, sivui koti, mpaka akaniita jina lote, "Wee Rehema."