Kibuyu cha Mama Somoe

Mwezi wa Rajabu, mwaka wa pili baada ya vita vya Maji Maji, nilimzika mke wangu Somoe pembeni mwa shamba letu la mtama, Chiwata. Jembe lilimkata mguu, jeraha likawa donda, na donda likamtia homa. Tulimchukua kwa machela mpaka Masasi, lakini nyumba ya dawa ya misheni ilikuwa imeungua vitani na kuta mpya zilikuwa hazijaezekwa. Tukageuka naye. Hatukujaaliwa mtoto.

Baada ya arobaini nilikuwa na haja moja tu: nijifunze kutibu vidonda. Ndugu zangu wa Chiwata mmeniuliza mara nyingi kwa nini niliacha nyumba kubwa ya dawa nikaenda kwenye ndogo. Nawaandikia safari ile kama ilivyokuwa.

Masasi ndiko nilikoanzia. Nyumba ya dawa ilikuwa imekwisha kuezekwa, nami nilipokewa na Mwalimu Danieli, aliyekuwa akifundisha wanafunzi pale tangu kabla ya vita. Alinipa kitabu nisome. Nilisoma polepole, kwa kuwa herufi za Kizungu nilizijua ukubwani.

"Unasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe," alisema, "lakini unavuka. Hapa utajifunza homa, macho, vidonda, na kwa nini dawa hii inaponya na ile haiponyi. Ni miaka, si miezi."

"Na Newala, Mwalimu? Nasikia wamefungua nyumba nyingine."

"Wamefungua. Ina mtu mmoja na jiko moja. Kaione kwa macho yako, kisha uniletee jibu kabla mvua hazijaanza. Nafasi yako naiweka."

Neno lake lilinigusa. Tena kutoka Masasi ningeweza kwenda kaburini kila Ijumaa na kurudi. Nyumba ya zamani, yenye vitabu na waalimu, karibu na Somoe. Nilikuwa karibu kusema ndiyo palepale. Kilichonizuia ni kwamba Newala ndiko kwao Somoe, na mama yake alikuwa hajasikia habari za kifo kutoka kinywani mwangu, ila kwa wapita njia tu.

Njiani kuelekea Newala nilipita vijiji ambavyo bado vilikuwa na nguzo nyeusi za nyumba zilizochomwa. Watu walikuwa wamerudi, lakini walipanda mihogo karibu na mlango, kama mtu asiyetaka kwenda mbali na nyumba yake tena. Waliniuliza ninakokwenda, nikasema kwa wakwe, wakanitakia heri.

Nilipofika chini ya mlima nilijaza maji tumboni, maana Somoe aliniambia siku nyingi kwamba juu hakuna mto wala kisima. Njia ilipanda kwa mawe na mizizi. Juu kabisa ardhi ikawa tambarare, mchanga mwekundu, vichaka vimesongamana, upepo baridi. Hapo nikasikia kwa mara ya kwanza tangu Rajabu watu wakisema Kiswahili kwa lafudhi ya mke wangu. Nilikaa kando ya njia kwa muda kabla ya kuendelea.

Newala, nyumba mpya ya dawa ilikuwa banda la miti na udongo, nje kidogo ya boma la Wadachi. Tabibu wake aliitwa Mfaume, mtu wa Lindi, mnene, mcheshi. Nilimwambia shida yangu. Hakujisifu hata kidogo.

"Mimi najua vidonda, majipu, na kung'oa meno. Homa najua nusu. Wala sijui kama mwakani boma litanipa tena dawa. Ukitaka kujua yote, rudi Masasi. Ukitaka kugusa kidonda leo, nawa mikono."

Nikanawa mikono.

Wagonjwa walikaa kwenye gogo, na kila mmoja alikuwa na maji yake mwenyewe, huyu katika mtungi, yule katika kibuyu. Nilishangaa. Mfaume akaniambia, "Tangu vita, hakuna anayekubali kumwagiwa maji asiyoyajua. Wanakuja na maji ya kwao, nami nayachemsha mbele ya macho yao. Wakiona yanatokota, wanajua hayana neno."

Wa kwanza alikuwa mwanamke wa Kimakua, Mama Nasoro, mwenye donda kwenye muundi. Maji yake yalikuwa yamechemka na kupoa. Mfaume akaniambia, "Osha." Basi mimi nikainua mtungi nikaumimina kama tunavyomimina Chiwata, mpaka mguu ukang'aa na mchanga ukanywa.

Gogo zima lilipiga kelele.

"Kambare wee!" Mama Nasoro alisema. "Nyie Wayao mmezaliwa mtoni, mnadhani kila mtu anaogelea! Hayo yalikuwa ya leo na ya kesho!"

"Mwacheni," mzee mmoja akasema, "anataka kutupandia mpunga."

Walicheka, nami nilitamani ardhi inimeze. Mfaume hakucheka. Alichukua kibuyu kidogo chenye tundu ubavuni, akaziba tundu kwa kidole gumba, akaachia kidogo, akaziba tena. Maji yalitoka kama uzi. Uzi ule uliosha donda la mgonjwa wa pili lote, kila pembe, na kibuyu hakikupungua hata nusu.

Mimi nilikuwa naujua mkono ule. Hivyo ndivyo Somoe alivyoninawisha kila nilipotoka shamba. Mwaka wetu wa kwanza nilimcheka: "Mto uko pale, mke wangu, unamwonea huruma nani?" Akajibu, "Mkono haujui kwamba nimehama."

Asubuhi iliyofuata nilichukua mtungi wa Mama Nasoro niende kurudisha maji niliyomwaga. Njia ya maji hushuka bondeni mpaka miguu inatetemeka, kisha kupanda ni hivyo hivyo na mzigo juu. Wanawake walinicheka njia nzima. "Tazameni mwanamume ameolewa Newala!" Chini, chemchemi ilikuwa shimo dogo kati ya mawe. Mtu huchota kwa kata, husubiri yajae, huchota tena.

"Mama Somoe," mwanamke mmoja aliita, "sogea huku mgeni achote."

Tangu nimzike hakuna aliyekuwa akilitaja jina hilo mbele yangu, kwa kunihurumia. Huku lilitajwa kwa ajili ya kusogeza mtu chemchemini. Nikainamisha uso na kuchutama kando, maana mkwe hatazamwi.

"Shikamoo, Mama."

Hakunijibu mimi. Alimgeukia mpwa wake, Fatu. "Mwambie huyo, marahaba. Muulize mtungi ni wa nani."

"Mama anauliza mtungi ni wa nani," alisema Fatu, ingawa tulikuwa hatua chache tu.

"Wa Mama Nasoro. Nilimwaga maji yake."

"Mwambie nilisikia. Newala nzima imesikia. Mwambie aje nyumbani."

Alasiri nilikaa uani kwake, yeye akakaa mlangoni ametupa kisogo nusu, Fatu katikati yetu. Nilieleza tangu jembe mpaka kaburi. Sikupunguza wala kuongeza.

"Muulize alisema nini mwisho."

Ningeweza kumpa mama neno zuri la kuaga. Lakini halikuwepo. "Aliomba maji," nilisema. "Alikunywa kidogo, akaniambia nisimwage yaliyobaki."

Fatu alianza kurudia, hakuweza kumaliza. Mama Somoe alijifunika kanga usoni, tukakaa hivyo mpaka kuku wakaingia kulala.

Nilishinda siku kadhaa kwa Mfaume nikijifunza kuziba tundu kwa kidole. Huko hakuna aliyejua jina langu. Waliniita Mume wa Somoe. "Mume wa Somoe, nifunge mguu." "Mume wa Somoe, usinimwagie bahari." Kila walipoita, niliitika, na kila nilipoitika nilikuwa kama nimemsikia anapita nyuma ya banda.

Siku ya kuondoka, mama mkwe alimpa Fatu kibuyu kilichojaa, kimezibwa kwa gunzi. "Mwambie haya ni maji ya chemchemi yetu. Amwagie mwanangu kaburini. Na mwambie kibuyu ni cha kurudishwa."

Fatu aliniambia kwa sauti ya chini, "Huku hatugawi chombo cha maji, shemeji. Tunaazimana."

Chini ya mlima askari wawili wa boma walinisimamisha. Mmoja alikiona kibuyu, uso ukambadilika. Mnakumbuka wenyewe wakati ule mtu mwenye maji kibuyuni alivyotazamwa, kana kwamba anagawa tena dawa ya vita.

"Maji ya nani haya?"

"Ya mkwe wangu."

"Ya kufanyia nini?"

"Ya kaburi la mke wangu."

"Maji ya dawa!" alisema. "Yanywe."

Nikanywa. "Tena." Nikanywa tena. Yalikuwa na ladha ya mawe. Alitaka niyamalize, lakini mwenzake, aliyekuwa mtu mzima zaidi, alikitikisa kibuyu sikioni, akasema, "Yamebaki ya kulowesha kope tu. Mwache aende kaburini kwa mkewe." Wakanipisha.

Masasi nilimkuta Mwalimu Danieli akifundisha. Nilimngoja.

"Mwalimu, nyumba yako ni bora."

"Kwa hiyo?"

"Nakwenda Newala."

"Utajifunza nusu."

"Najua."

"Huyo Mfaume atakupa nini nisichoweza kukupa mimi?"

Nilimwonyesha kibuyu, nikasema lazima kirudi. Hakuelewa, wala simlaumu. Alinipa mkono akanitakia heri, akaniambia homa zikinishinda nimletee wagonjwa.

Chiwata nilikwenda moja kwa moja kaburini. Niliondoa gunzi, nikanyunyiza kwa vidole upande wa kichwa. Hayakufika hata kifuani. Jua lilikuwa kali na udongo ulikauka nikitazama. Kisha nikawaaga, nanyi mnakumbuka mlivyonigombeza.

Nilifika tena Newala kabla ya mvua. Mama Somoe alikuwa peke yake uani, akipepeta mtama. Nilichutama, nikaamkia, nikaweka kibuyu chini. Alitazama kulia na kushoto akimtafuta wa kumtuma maneno. Fatu hakuwepo.

"Yamefika?" aliniuliza mimi mwenyewe.

"Yamefika machache, Mama. Mengine askari walininywesha mimi."

Alikiokota kibuyu, akakipindua juu ya kiganja chake. Hakikutoa hata tone. Akaingia nacho ndani, nikasikia anakitundika mahali pake.