Siku Niliyozima Mtihani wa Watu Watano

Ukipita leo sokoni Rumonge ukamtaja Idi wa kompyuta, utaona watu wazima wanaangaliana na kuanza kucheka, na wengine wao hata hawakuwepo siku hiyo (wameurithi tu mkasa wangu kama watu wanavyorithi shamba), kwa hiyo kabla hawajawaongezea chumvi, bora mnisikie mwenyewe. Aibu ni yangu, acha niitoe kwa mdomo wangu.

Ilikuwa miaka ya vita. Ofisi moja ya misaada ilitaka karani mmoja, mmoja tu, wa kuandika majina ya watu waliokimbia makwao, na sharti lilikuwa uwe na cheti cha kompyuta. Mtihani wa cheti ulitolewa na kituo kimoja cha Bujumbura, na njia zilikuwa mbili: ama usome kozi yao miezi mitatu, ama ujifundishe mwenyewe nyumbani halafu ujiandikishe kama mtahiniwa huru. Mdogo wangu Zaina akachagua kozi. Kila Jumatatu alipanda konvoi, yaani yale magari yaliyosindikizwa na askari kwa sababu ya waviziaji wa njiani, akapita Gitaza na Kabezi hadi mjini, akalala kwa shangazi yetu Buyenzi, Ijumaa akarudi na vumbi lake. Mimi nikachagua kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kifaransa, kinene, na kibodi niliichora kwenye kipande cha katoni nikawa nagongagonga barazani kutwa nzima kama mwehu (kompyuta halisi niliigusa mara nne tu, kwa rafiki yangu aliyefanya kazi parokiani, naye alikuwa ananiwashia na kunizimia mwenyewe). Zaina akirudi namwuliza mbele ya wageni, "Enhe, wamekufundisha nini ambacho hakimo humu? Kozi ni ya vichwa vigumu." Yeye alikuwa anakwenda zake kuoga.

Siku ikafika. Msimamizi, Madame Consolata, alikuja na konvoi ya asubuhi akiwa na kompyuta tano na jenereta, na saa nane mchana konvoi ilikuwa inarudi naye yumo, kwa maana asipopanda analala Rumonge na hakuna anayejua barabara itafunguliwa tena lini. Tukawekwa kwenye darasa la shule, wanne wa kozi na mimi. Nikachagua meza ya mbele, karibu na ule waya mkubwa uliopeleka umeme kwenye mashine zote, ili kila mtu anione vizuri. (Nyinyi mngekaa nyuma. Nyinyi mna akili.) Madirishani wakajaa abiria wa konvoi, kina mama na makapu yao ya ndagala, dagaa wa kwetu, hawana la kufanya, wanatutazama.

Tuliambiwa tuandike barua, kisha jedwali la majina ya familia arobaini. Kwa saa mbili vidole vyangu viliruka, jasho linanitiririka mgongoni, kazi ya karani naiona hii hapa, na nikichungulia kwa Zaina naona nimemwacha mbali.

Sasa, sisi watu wa mwambao ule wa ziwa tulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyetufundisha: ukisikia mlio wa bunduki, kwanza unazima kila kinachowaka na kila kinachonguruma, taa, redio, injini, halafu ndipo unalala chini. Mtoto wa miaka mitatu aliijua. Basi mlio ukalia, paa! nyuma ya ukuta kabisa. Sikufikiri. Niling'oa ule waya, mashine tano zikafa kwa pamoja, nikajitupa chini ya meza nikipiga kelele, "Mama weee, nakufa!" na nikakumbatia kitu cha kwanza kilichonijia mikononi, nacho kilikuwa mguu wa Madame Consolata.

Kisha mama mmoja dirishani akasema, "Iko mupira ya kamio imepasuka! Amuka, wee mutu muzima!"

Tairi la lori tu! Kicheko kilichofuata sijakisahau.

"Monsieur," akasema Madame, naye yuko chini vilevile, "murakoze, asante, lakini niachie mguu."

Umeme ukarudishwa. Wale wanne wakafungua mashine zao, na kazi zao zikawa zimo zote. Kumbe nao walilala chini, ila kabla ya kulala, mimi nikiwa bado nahangaika na waya, kila mmoja alibonyeza vitufe viwili vya kuhifadhi, kwa sababu mwalimu wao aliwakaririsha tangu siku ya kwanza: hifadhi kila baada ya dakika tano, na mlio ukilia hifadhi kwanza, ndipo ulale. Kitabu changu kilikuwa kimeandikwa na mtu ambaye kwao umeme haukatiki. Mimi nilidhani kuhifadhi ni kitu cha mwisho, kama kutia saini barua. Mbele yangu palikuwa peupe.

"Watabadilisha mupira," Madame akaniambia kwa huruma. "Una minite makumi tatu."

Nikaandika upya. Zaina, aliyekwisha maliza, akainama akaninong'oneza, "Kaka, hifadhi kwanza."

"Najua!" nikamjibu kwa sauti ya kusikika hadi madirishani. Nilikuwa sijui kitufe kiko wapi, na kuuliza nikaona haya. Askari wakapiga honi. Madame akasema tumalize, jenereta inapakiwa. Nikasema bado familia mbili. Akasema tena. Nikasema moja. Dereva akazima jenereta huko nje, na kioo kikawa cheusi nikiwa na kidole hewani.

Kazi akapata Zaina.

Tulirudi nyumbani pamoja, mimi natamani ardhi inimeze, na yeye hakunicheka hata kidogo, jambo lililoniumiza zaidi. Karibu na nyumba akauliza, "Kaka, kwa nini hukukuja kozi? Kwa shangazi nafasi ilikuwako."

Nikamwambia nilichokuwa sijamwambia mtu. "Niliogopa ile barabara, Zaina."

Akasimama. "Na mimi niliogopa," akasema. "Kila lundi, Jumatatu kwa Jumatatu. Kule Gitaza nilikuwa naingiza kichwa katikati ya magoti, nasoma dua mpaka Kabezi."

Nililia pale njiani, mtu mzima na ndevu zangu. Jumatatu iliyofuata nikapanda konvoi kwenda kujiandikisha kozi, nikaingiza kichwa katikati ya magoti kama yeye, na huko huko chini nikaapa kwamba nikiogopa kitu nitasema naogopa, sitasema tena kuwa nina akili.