Nilificha Mswada wa Mpanda Miti wa Isecheno

Nisitirini jina, maana watoto wangu wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka themanini na mmoja, mjane, naishi karibu na Khayega. Naandika mwenyewe kwenye simu kwa kidole kimoja, mnivumilie. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri.

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru nilikuwa msichana, karani wa maktaba ndogo Kakamega mjini. Mkubwa wetu alitaka watu wa hapa nao waandike vitabu, basi akaweka mashine ya taipu chumba cha nyuma, na yeyote mwenye hadithi akaruhusiwa kuitumia bure. Baadaye ikatangazwa tuzo ya vitabu ya upande huu wote wa magharibi. Miswada ingeletwa kwangu, niiandikishe, niifunge, niitume kwa waamuzi Kisumu. Mshindi angechapishiwa kitabu na kuwekwa kwenye maktaba zote.

Pale kwetu walioandika walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mchumba wangu, mwalimu wa shule. Wa pili nitamwita Josefu. Kazi yake ilikuwa kupanda miche ya miti kule msituni Isecheno. Alikuja kwa miguu kila Jumamosi mchana, akanawa kwanza mikono kwenye bomba la nje ndipo aguse karatasi. Alitaipu kwa vidole viwili, herufi moja, kimya, herufi nyingine.

"Dada, usinicheke," aliniambia siku moja. "Mimi nimekuwa nikiandikanga tangu utotoni, lakini hakuna mtu amewahi kusoma."

Aliponikabidhi mswada nikaufungua tu ili nihesabu kurasa. Nikajikuta nasoma. Aliandika juu ya baba yake aliyechukuliwa kubeba mizigo katika vita vya pili vya dunia na hakurudi. Mama yake aliendelea kumpakulia obusuma, ugali wetu, kila jioni, akaweka sahani mahali pake, na watoto wakala chakula hicho kwa zamu ili mama asikione kimebaki. Nililia pale mezani. Mkubwa akapita akaniuliza kama ninaumwa.

Ndugu zangu, mswada wa mchumba wangu nilikuwa nimeusoma pia. Ulikuwa mzuri. Lakini nilijua kabisa nani angeshinda. Na mchumba wangu alikuwa ameshawaambia wazazi wangu kwamba akipata tuzo hiyo atapandishwa cheo na harusi itafanyika. Siku ya kutuma niliandikisha mswada wake. Wa Josefu niliutia kwenye mkoba wangu, nikaenda nao nyumbani. Hakuna aliyenituma, na mchumba wangu hakujua.

Alishinda. Tulicheza ngoma, tukachinja ingokho, kuku wa heshima, wageni wakajaa. Jumamosi iliyofuata Josefu akaja, amevaa shati safi.

"Dada, walisema nini kuhusu kitabu changu?"

Ningeweza kumwambia hakikushinda, basi. Sijui kwa nini sikuishia hapo. Nafikiri niliogopa asije akajaribu tena. Nikamwambia, "Walisema Kiswahili chako ni cha shambani."

Alisimama. Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyekanyagwa na anaona aibu kusema. "Ni kweli," akasema. "Mimi ni mtu wa shamba." Akaomba arudishiwe karatasi zake. Nikamwambia waamuzi hawarudishi. Akanishukuru. Alinishukuru, jamani! Hakurudi tena maktaba.

Niliolewa. Mume wangu aliandika vitabu vingine viwili, akaheshimiwa sana. Mara moja aliniuliza, "Yule bwana wa Isecheno aliishia wapi na hadithi yake?" Nikamjibu, "Hakumaliza." Nilikuwa nakutana na Josefu sokoni Khayega miaka yote hiyo. Tukikutana uso kwa uso alivua kofia, akaniuliza hali ya mwalimu na watoto. Nikimwona mapema kwa mbali, niligeuza njia. Mpaka leo mvua ikianza kudondoka kwenye mabati mchana, tone moja moja, naacha ninachofanya. Nasikia vile vidole viwili. Nazima redio nisikilize, nikijua hakuna mtu.

Josefu alifariki mwaka jana. Nilikwenda mazishini, nikakaa nyuma. Binti yake, ambaye ni mwalimu, alisimama kusoma habari za marehemu. Alisema, "Baba alitununulia vitabu hata siku za njaa. Lakini yeye mwenyewe hakuandika kitu. Tulipokuwa shule ya bweni, barua zake zilikuwa na mwandiko wa jirani. Nilipomuuliza sababu, akasema watu wenye elimu walishapima Kiswahili chake wakaona hakifai."

Watu walicheka kidogo, kwa upendo. Mimi niliinama, nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Sasa maktaba inaanzisha tuzo ya waandishi wa hapa kwetu, na wameipa jina la marehemu mume wangu. Mimi ndiye nitakayemkabidhi mshindi, Ijumaa ya wiki ijayo. Watoto wangu wameshanishonea gauni. Huyo binti wa Josefu atakuwepo na wanafunzi wake. Alinipigia simu mwenyewe kunipongeza, akaniita mama. Mswada wa baba yake uko chini ya kitanda changu, kurasa zote, hakuna hata moja iliyopotea.

Nikimpa, nitalichafua jina la mume wangu asiye na kosa, na wajukuu wataulizwa shuleni. Nikiuchoma, nitakuwa nimemzika Josefu mara mbili. Nimewaza niuache mlangoni kwa huyo binti bila jina, lakini huo nao naona ni uoga uleule. Ninyi mnaosoma haya, mlio na mama na mlio na baba: nishike njia gani kabla ya Ijumaa? Msinionee huruma kwa sababu ya umri wangu. Niambieni tu.