Vumbi la Chumba cha Njiti

Mwaka ule wa njaa hata harusini tuliandaliwa ugali wa makopa. Watu wa Songea wa rika langu wataukumbuka. Nisemalo nililiona kwa macho haya, tena mchana, sijaonja hata tone la ulanzi.

Mkwe wangu alinunua mawe ya vito Tunduru. Mambo yalipomnyookea akajenga Bombambili, akatundika kiyoyozi, kile chenye sanduku moja ndani na jingine nje. Majirani wakacheka: Songea hii, mnatafuta baridi gani tena? Hawakujua kinatoa na joto. Mwezi wa sita binti yangu Skola akajifungua njiti, mtoto wa kuenea kiganjani. Mkunga akasema, baridi ikimgusa mnazika. Basi joto la mashine ile ndilo lililokuwa uhai wake.

Fundi wa Msamala alinionyesha kuitunza. Zima swichi kubwa. Fungua kifuniko, toa nyavu, osha kwa maji ya sabuni, anika kivulini maana jua huzipinda. Sanduku la nje liondolee majani. Shule sikukaa sana, lakini sikumuuliza mara mbili.

Siku hiyo joto lilififia. Skola akamfunga mtoto kifuani, mimi nikazima, nikatoa nyavu. Vumbi zito kama blanketi. Ndani yake nikaona nywele za mtoto, zile za kwanza. Tulimnyoa mashine ikivuma, zikapeperuka. Na nywele hizo kwetu huzikwa, hazitupwi. Nikakomba vumbi lote kwenye beseni, nikatoka nalo uani.

Kando ya sanduku la nje amesimama kijana, kavaa ovaroli. Geti nilikuwa nimelitia komeo mwenyewe.

"Nimekuja kusafisha," akasema. "Lete hilo vumbi nikatupe."

"Kwenu hamwaamkii wakubwa?"

"Wewe ndiye wa kuniamkia. Babu yako aliniamkia."

Hakuwa anatania. Niamini, feni ya lile sanduku ikaanza kuzunguka, na umeme nimezima kwa mkono wangu. Akafungua kinywa, akavuta pumzi. Vumbi likanyanyuka kwenye beseni, likanyooka kama uzi kumwelekea mdomoni.

"Mama!" Skola akaita toka ndani. "Mtoto hapumui."

Ungekimbia wewe? Ungekimbilia wapi? Nikalikandamiza vumbi kwa kiganja, nikamwambia: "Vumbi la nyumba hii halitoki mkononi mwangu."

Akavuta tena. Mkono ukaniganda hadi kwenye kiwiko. Sikuuondoa. Feni ikasimama, na ndani nikasikia kilio chembamba cha mtoto. Kuinua macho, uani hakuna mtu. Komeo liko pale pale.

Fundi aliapa hakutuma mtu. Vumbi nikalizika mgombani, nyavu zilipokauka nikazirudisha, chumba kikapata joto.

Mtoto yule sasa ana ndevu. Mkono wangu wa kulia haujawahi kupata joto tena. Nikimshika mtu anashtuka. Nyie mlionunua mashine hizi, zisafisheni kwa mikono yenu. Vumbi lake ni nywele zenu na ngozi zenu, msilirushe nje ya ua, wala msimpe fundi msiyemwita.

Maana hajakoma. Kila baridi ikianza husikia mtu getini, sauti ile ile ya kijana: "Bado unalo?" Sifungui. Namjibu nikiwa nimekaa.

"Vumbi la nyumba hii halitoki mkononi mwangu."