Mashine haikuwa imekufa

Saa nne asubuhi, Jumamosi moja ya mwaka 2014, nikiwa mteja katika duka la vifaa mjini Kasulu, mama mmoja aliingia akiwa amebeba mashine yake ya kuoshea pikipiki. Ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wanawe.

"Inanguruma, maji hayaruki. Nipe mpya."

Muuzaji, boksi jipya mkononi, aliuliza, "Mama, maji unachota wapi?"

"Mtoni. Bomba limekauka."

Muuzaji akaweka boksi chini, akachomoa kichujio pale mpira wa maji unapoingilia, akakigonga kwenye kaunta. Likadondoka tope jekundu.

"Kwa hiyo haijafa, shehe?" mama akauliza.

"Imeshiba udongo tu. Chuja maji kwa kitenge."

Wauzaji wengine huzika mgonjwa anayepumua. Huyu alirudisha boksi rafuni.

Jumatatu nilipita kwa yule mama. Alikuwa akiosha pikipiki ya tatu kwa mashine ileile.