Siku Kogo Alipompaka Ng'ombe Dawa Yangu

Nikianza kuwaambia hii stori nafunika uso kwanza, kwa sababu nusu ya watu wa kwetu waliona kwa macho yao, na ile nusu nyingine ilikuwa imeambiwa kabla ya chai ya saa nne.

Nina wasichana watatu, wa mwisho hajafikisha mwaka. Vidonge vilikuwa vinaniumiza kichwa, sindano nikaiogopa (dada yangu ilimnenepesha, au ndivyo anavyosema), basi mimi na baba watoto tukakubaliana nitumie jeli, ile ya kuua mbegu za mwanaume, ambayo unaiweka ndani kabla ya kukutana. Nesi alinionya kwamba jeli peke yake haina nguvu sana, niitumie pamoja na kondomu, nikaitikia tu. Mimi nilikuwa naogopa kitu kingine: mama mkwe, ambaye sote tunamwita Kogo, yaani nyanya, kama watoto wanavyomwita, na ambaye tangu mzee wake afariki anangoja nimzalie mvulana wa kubeba jina la huyo marehemu. Akijua ninazuia, nilijua boma hilo halitanitosha tena.

Chumbani kwangu Kogo hufagia mpaka chini ya godoro. Kwa hivyo nikaamua (na hapa ndipo nilipoharibu) kuificha jeli kwenye banda la ng'ombe, juu ya mbao, nyuma ya mkebe wa mafuta ya kukamulia, maana mkamuaji ni mimi peke yangu, nani mwingine angeshika huko?

Asubuhi moja niliingia shambani mapema kuchuma majani chai, nikachelewa, na Kogo kwa huruma yake akanikamulia. Mafuta ya mkebeni yalikuwa yameisha. Akaona tyubu ya jeli yangu, akapaka chuchu zote nne, akakamua, akabeba maziwa mpaka kituo cha kupokelea maziwa, na kituo chenyewe kiko hatua chache tu kutoka mahali pa kupimia majani, kwa hivyo mimi niko kwenye laini ya majani na kikapu mgongoni, namwona Kogo kwenye laini ya maziwa, na hata nikafurahi kwamba nimesaidiwa.

Karani wa kituo akatikisa maziwa, yakatoa povu kama la sabuni, akanusa, akakataa. Kogo akadhani anaambiwa ameongeza maji, na huyo mama hajawahi kuongeza maji maishani mwake. Akasema ng'ombe wake ni msafi, mafuta ni yale ya mke wa mtoto wake, akatoa tyubu kwenye mfuko wa aproni ili karani asome. Mimi huyo mbio, majani yakimwagika. Karani ni kijana mpole, alisoma kimya, akaniona nikija, akataka kumrudishia tu. Kogo akakataa kuipokea.

"Soma kwa sauti," akasema. "Hawa wote wasikie kama mimi ni mwizi."

"Kogo," karani akasema, "hii ni dawa ya kuzuia mimba. Si ya ng'ombe."

Mzee mmoja wa nyuma akauliza kama huyo ng'ombe sasa atashika mimba tena (swali la mfugaji, sikatai), na watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Maziwa yakamwagwa kwenye nyasi.

Tulipanda kilima, yeye mbele na mkebe wa maziwa mtupu, mimi nyuma nikiwaza ni nguo gani nitabeba nikifukuzwa. Langoni akasimama, wala hakugeuka.

"Mimi nilizaa tisa," akasema. "Hakuna aliyeniuliza kama nimechoka."

Kisha akachota maji, akaenda kumwosha ng'ombe.

Wiki iliyofuata nilienda kuwekewa kijiti cha kuzuia mimba mkononi, chini ya ngozi, na aliyebaki na mtoto ni Kogo. Jina la mzee bado halijapata mtu, na siku nyingine namwona akiwatazama wasichana wangu kwa namna inayoniuma. Lakini kwenye banda sifichi kitu tena, na kijiti, hata mtu akikipapasa namna gani, hakiwezi kupakwa ng'ombe.