Filimbi ya Saa Nne Asubuhi

Siku moja kabla mambo hayajaharibika, mume wangu alilalamikia filimbi yangu. Alikuwa anakunywa uji kabla ya kwenda shuleni, akasema kwamba asubuhi ile filimbi ilisikika kana kwamba ina mafua. "Watoto wamesimama nusu nusu, wengine wanacheka," alisema. "Ukipuliza, puliza kama serikali." Mume wangu huyo, Mwalimu Laurenti, alifundisha siasa darasa la sita na la saba, na hapakuwa na mtu katika mji wetu aliyejua kuisimamia bendera kumshinda yeye.

Mji wenyewe ulikuwa kaskazini ya mto Kagera, upande wa kuelekea mpaka wa Uganda. Sitautaja jina, waliokuwapo wataujua. Wakati ule ulikuwa na ofisi ya tarafa, zahanati, shule, maduka manne na ghala la kahawa. Mimi nilikuwa mhudumu wa ofisi. Nilifagia, nilichemsha chai, nilipeleka barua, na kwa kuwa nilikuwa nimepitia mafunzo ya mgambo, nilikabidhiwa bendera. Saa kumi na mbili asubuhi niliipandisha, saa kumi na mbili jioni niliishusha. Kabla ya kugusa kamba nilipuliza filimbi, na kila aliyeisikia alisimama hapo hapo alipo mpaka nipulize mara ya pili. Mwenye baiskeli alishuka. Mwenye mkungu wa ndizi kichwani alisimama nao. Siku hizi naona watu wanapita tu na simu masikioni, lakini wakati ule hata mlevi alijitahidi kunyooka.

Aliyenichokoza kwa jambo hilo ni jirani yangu Agnesta. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, na msimu wa senene ulipofika aliwauza barabarani, wabichi na wa kukaanga. Alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu. Nikimaliza kushusha bendera jioni, alipaza sauti mbele za watu: "Konsolata, siku moja nitakutwisha mzigo huu wewe, tuone kama utaendelea kuvuta kamba polepole hivyo!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini sikuvuta haraka. Tulifundishwa kwamba bendera haishuki kwa haraka, na wala haishuki bila filimbi.

Habari za vita zilikuwepo kwa wiki kadhaa. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Waliotoka mpakani walisema wameona magari ya jeshi upande wa pili, wengine wakasema ni uongo wa wafanyabiashara wa magendo wanaotaka njia iwe tupu. Jioni ile ya siku ya uji tulisikia mizinga kwa mbali. Agnesta alimtuma mtoto wake kwa bibi yake ng'ambo ya mto pamoja na majirani waliokuwa wanaondoka, yeye akabaki kwa ajili ya mbuzi wake. Laurenti alisema jeshi letu litafika kesho.

Kesho yake alfajiri Katibu Tarafa aliondoka na gari kwenda Bukoba kutafuta maelekezo. Alinikuta mlangoni na ufagio.

"Konsolata, ofisi sasa ni wewe," aliniambia. "Bendera isiangukie mikononi mwa adui."

Nilimjibu, "Ndiyo, mzee." Nikaipandisha bendera kwa saa yake, nikafagia ofisi.

Kufikia saa tatu barabara ilikuwa imejaa watu wanaokwenda mtoni. Walibeba magodoro, kuku, vyerehani, watoto. Hapakuwa na kelele nyingi. Mizinga ilikuwa imekaribia, na moshi ulionekana nyuma ya migomba upande wa shule. Laurenti alikuja na baiskeli, godoro letu limefungwa kwenye keria. Alisema twende. Nilimwambia atangulie mpaka kwenye ghala la kahawa, nami nachukua bendera nakuja. Akakubali mara moja. Kwake hilo lilikuwa jambo la wazi kabisa.

Ilikuwa kama saa nne.

Nilisimama chini ya mlingoti. Filimbi ilikuwa shingoni kwa kamba yake.

Nikapuliza.

Nimeulizwa na nafsi yangu mara nyingi kwa nini. Jibu ni kwamba bendera haishuki bila filimbi. Sikufikiri kwamba watu watasimama. Ukweli zaidi ni kwamba sikuwafikiria watu kabisa.

Walisimama.

Si wote. Wageni waliotoka vijiji vya mpakani waliendelea kukimbia, wakiwapita. Waliosimama ni watu wa mji wetu, waliokuwa wameisikia filimbi ile kila asubuhi na kila jioni. Laurenti alishikilia baiskeli kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameunyoosha pajani. Nyuma yake wanafunzi wake wawili. Mzee mwenye cherehani ya miguu aliiweka chini akanyooka. Agnesta alikuwa na mzigo kichwani na kamba ya mbuzi mkononi, na safari hii hakusema neno.

Niliwaona. Nilikuwa nimeshaanza kuvuta.

Ningeweza kuiachia kamba. Ningeweza kupuliza mara ya pili hata bendera ikiwa juu, nao wangekimbia. Lakini mume wangu alikuwa ananitazama, na nilijisikia fahari. Naliandika neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe.

Niliishusha polepole, kama nilivyofundishwa.

Kombora lilianguka barabarani kabla bendera haijafika mkononi mwangu.

Nilipoinuka nilikuwa nimeilalia. Sikusikia kitu kwa sikio la kushoto, na mpaka leo halisikii vizuri. Niliona baiskeli. Niliona godoro letu linatoa moshi. Niliwafikia mmoja mmoja, watu watano, na hapakuwa na wa kuokoa. Laurenti nilimfumba macho. Kombora la pili lilianguka kwenye ghala, na mtu nisiyemjua akanivuta mkono tukakimbia.

Tulivuka daraja mchana ule. Siku chache baadaye daraja lenyewe lilivunjwa, kwa hiyo watu husema tulikuwa na bahati. Ng'ambo tulipakiwa kwenye lori la kubebea kahawa mpaka Bukoba. Bendera nilikuwa nimejifunga tumboni chini ya gauni. Niliipeleka serikalini, kwa afisa mmoja aliyekuwa na uchovu mwingi machoni, nikaiweka mezani kwake ikiwa imekunjwa. Akasimama, akanipa mkono. Akaniuliza ilikuwaje, nikamwambia: nilikwenda kuishusha, watu wakasimama, kombora likaanguka. Akaandika. "Walisimama kwa ajili ya bendera," alisema huku anaandika, na mimi sikumsahihisha. Kisha akafungua kabati la chuma nyuma yake aiweke ndani. Humo mlikuwa na bendera nyingine, nne au tano, mpya, bado zina karatasi za kiwandani. Ya kwangu akaiweka juu yao.

Niliangalia kabati lile mpaka alipolifunga.

Kutoka Bukoba nilipanda meli kuja Mwanza kwa mama yangu mdogo, aliyekuwa na nyumba Igogo. Afisa yule alikuwa ameniandikia barua ya kunitambulisha, kwamba mimi ndiye niliyeiokoa bendera chini ya mizinga. Barua ile ndiyo iliyonipatia kazi ya uhudumu katika ofisi moja hapa mjini, na kazi hiyo niliifanya mpaka nikastaafu. Nilipokabidhiwa ufagio niliomba jambo moja tu, nisipewe bendera. Walidhani ni kwa sababu ya majonzi.

Miezi ya mwanzo nilikuwa napita kila asubuhi mbele ya kituo cha polisi. Siku moja filimbi ilipulizwa, watu wote wakasimama, na mimi nikakimbia. Nilikimbia na ndoo ya maji mkononi, maji yanamwagika. Askari alinifuata mpaka kona.

"We mama, huna adabu? Huoni bendera?"

Nilimwambia naomba radhi. Alinitazama nguo zilivyolowa, akanifokea kidogo, akaniachia. Kuanzia siku hiyo nilitafuta njia ya mbali zaidi.

Vita vilipokwisha nilirudi mara moja. Askari wetu walikuwa wamewazika wale watano pamoja, karibu na mlingoti. Mama mkwe alinishika mikono, akasema mwanawe alikufa amesimama, hakufa akikimbia, na kwamba hilo ndilo linalompa usingizi. Nawe utamwambia nini mwanamke wa namna hiyo? Nikamwachia usingizi wake. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilivuka ziwa, ikanijengea vyumba vitatu Pasiansi, hapa hapa Mwanza, ikakaa nami miaka arobaini na zaidi.

Mwaka huu nilipata mgeni. Kijana mtanashati, viatu vimeng'arishwa, alibisha hodi saa nane mchana nikiwa nachambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu, kaa hapo, hicho kingine mguu mbovu."

Alijitambulisha kwa jina la Edvin, afisa utamaduni kutoka kwetu. Mji wetu siku hizi ni makao ya wilaya, na halmashauri inatengeneza nembo yake mpya pamoja na kijitabu cha historia. Akafungua mkoba, akanitandikia mchoro juu ya meza. Palikuwa na mto chini, daraja, tawi la kahawa upande mmoja na mkungu wa ndizi upande wa pili. Mkungu huo ulikuwa wa ndizi za kuivisha, si zile zetu za kupika. Nilimwambia kwamba mtu wa kwetu akiona mkungu huo atauliza nembo ni ya nani. Alicheka, akaandika.

Katikati ya mchoro palikuwa na mkono wa mwanamke umeshika bendera.

"Huu ni wako, bibi," alisema. "Ndizi ni chakula, kahawa ni uchumi, mto ni uhai. Mkono ni ujasiri. Na chini tunaandika, 'Tulisimama.' Kamati nzima imekubali. Nimekuja unisimulie mwenyewe, na usaini kwamba ndivyo ilivyokuwa."

Nilimuuliza nani alichagua neno hilo.

"Baba yangu. Ndiye mwenyekiti wa kamati." Alisita kidogo. "Bibi yangu alikuwa mmoja wa wale watano. Agnesta. Kwetu tumekua tukiambiwa, wengine walikimbia, yeye alikataa. Baba akitukaripia anasema, 'Nyinyi ni wajukuu wa mtu aliyekataa kukimbia.'"

Kwa hiyo mtoto wa Agnesta alikuwa mzee sasa, mwenye mtoto afisa. Nilikuwa najua kwamba yupo, na kwa miaka yote hiyo sikumtafuta.

Maharage yalikuwa bado magotini kwangu. Nilimtazama kijana yule, nikaiona ile kalamu aliyoniwekea tayari. Kusaini kungechukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Laurenti angekuwa katika historia ya wilaya, amesimama, na mkono wangu ungekuwa juu ya kila barua na kila gari la halmashauri. Nisingeharibu usingizi wa mtu. Na nilitaka kusaini; nikilikana hilo nitakuwa nasema uongo tena.

Nilimwambia hawakukataa kukimbia. Nilimwambia nilipuliza filimbi.

Alidhani hajaelewa. Nikamweleza tena, taratibu: filimbi, kamba, mume wangu alivyonitazama, jinsi nilivyowaona na nikaendelea kuvuta. Nilimweleza na kabati la Bukoba. Alikuwa ameacha kuandika.

"Sasa nimwambie nini baba?" aliuliza.

"Mpigie," nilisema. "Nitamwambia mimi."

Hakutaka. Alisema baba yake ana presha, kwamba tungoje, kwamba kijitabu kinaweza kusubiri. Nilimwambia mimi ndiye niliyesubiri na haikusaidia mtu. Mwisho akapiga, akaongea naye Kihaya kidogo, akaniwekea simu kwenye sikio zima.

"Shikamoo, mama," mzee yule alisema. Sauti ilikuwa nene, yenye kikohozi. "Tumefurahi umepatikana."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza."

Nilimwambia yote bila kupumzika, kwa sababu ningepumzika nisingeendelea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwona?" aliuliza.

"Nilimwona. Alikuwa na mzigo kichwani, na kamba ya mbuzi mkononi. Uso alikuwa ameuelekeza kwangu."

"Kwa hiyo alikuwa anangoja upulize mara ya pili."

"Ndiyo."

Nilisikia anavuta pumzi. Kisha akasema, si kwa hasira, "Miaka yote nilidhani alichagua."

Hakuachiwa nafasi ya kuchagua. Nilikuwa nimeshamchagulia mimi.